Mama wa Mtoto Asiyekuwepo

Jua limeshaanza kuchoma na benchi la kliniki limejaa pomoni. Mwishoni mwake ameketi mwanamke aliyejitanda leso, viatu vimejaa vumbi, macho hayatulii. Kila baada ya muda anauchungulia mlango wa chumba cha daktari na kushusha pumzi. Mzee aliye karibu naye anamhurumia, anamsogezea nafasi ya kivulini.

Mwanamke huyo haumwi. Nyumbani kwake hakuna mgonjwa. Binti yake wa pekee, Sahla, yuko darasani Mambrui, buheri wa afya.

Zamu yake inafika. Anaingia, mlango unafungwa. Mwandishi wa makala haya amejibanza ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, na ameagiza soda. Kabla soda haijafika nusu, mwanamke ameshatoka na kibahasha cha vidonge mkononi.

"Nimemwambia, daktari, mwanangu anaendesha," anasema tukishapinda kona. "Neno hilo moja tu. Hakuniuliza mtoto ana umri gani. Hakuuliza kaanza lini. Hakuuliza yuko wapi, wallahi. Kanipa hivi, kanambia kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Anafungua kibahasha. Vidonge ni vikubwa, vya mtu mzima. Mtoto anayetibiwa kuharisha ana mwaka mmoja na nusu. Au tuseme angekuwa na umri huo, kama angekuwepo.

Jina lake ni Rufaida Taib, ana miaka arubaini na mmoja, na ni mzaliwa wa Mambrui, kaskazini ya mji wa Malindi. Kwa miaka miwili sasa kazi yake imekuwa kuuguliwa na mtoto asiyeugua.

Ameajiriwa na shirika moja la utafiti linalopima ubora wa huduma katika zahanati na kliniki za mashambani. Anaingia kama mgonjwa yeyote, anatoa maelezo aliyofundishwa, anahudumiwa, anatoka. Papo hapo, kabla hajasahau, msimamizi wake anamhoji. Muuguzi aliuliza hili? Alieleza lile? Alisema dawa inywewe vipi? Majibu ya watu kama Rufaida yakikusanywa, watafiti wanapata kujua mwananchi wa kawaida anatendewa nini mlango ukishafungwa.

Hawaendi kumvizia mtu. Kila kituo kilikubali mapema kwamba huenda akaja mgonjwa wa kujifanya, ila siku hakitajiwi. Na kila kituo kiliahidiwa kwamba jina lake, wala la mhudumu wake, halitatajwa popote. Msomaji naomba aiweke akilini ahadi hiyo, maana ndiyo iliyozaa kisa hiki chote.

Rufaida hakusomea utabibu wala uigizaji. Alikuwa akipika mahamri na mbaazi na kuuza barazani kwao asubuhi, huku mumewe akifanya useremala mjini Malindi. Lakini Mambrui nzima ilimjua kwa jambo jingine. Kwenye harusi, wanawake wakishajifungia uani peke yao, Rufaida ndiye aliyeitwa kuwaiga watu. Alimwiga mama mkwe anayekagua zawadi, shangazi aliyenuna kwa kukosa kiti cha mbele, fundi cherehani aliyeharibu nguo ya bibi harusi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Katika harusi moja ya namna hiyo alikuwemo Cynthia Wangu, msimamizi wa utafiti, aliyeletwa na rafiki yake. "Nilicheka mpaka kope za kubandika zikanitoka," Cynthia anakumbuka. "Halafu nikajiambia, mwanamke huyu ndiye ninayemtafuta."

Malipo yalikuwa shilingi elfu mbili kwa siku ya kazi, kiasi ambacho mahamri hayajawahi kumletea. Alikubali. Ila nyumbani alikuta kizingiti, na kizingiti chenyewe kilikuwa mama yake mzazi, Bi Nana.

"Mtoto hana neno, wewe wenda kwa watu wasema aendesha?" Bi Nana alimaka. Hata leo akilisimulia anashika tama. "Wamtilia uchuro mjukuu wangu! Ugonjwa hauitwi hivyo, mwanangu. Ukiitwa huja."

Pwani hakuna mzazi anayelichukulia jambo hilo kimzaha. Rufaida akamwahidi mama yake kwamba jina la Sahla, wala habari zake, halitatoka kinywani mwake akiwa kazini. Akajitungia mtoto wa kiume, akampa jina la Muzammil, akampa meno manne, akampa na tabia ya kunyonya kidole cha kati badala ya kidole gumba. Hakuna aliyemtaka afike huko. Alijifikisha mwenyewe, kama anavyofanya na wale anaowaiga harusini.

Mafunzo yalikuwa na sharti moja lililorudiwa mpaka likamchosha. Mgonjwa wa kuajiriwa husema sentensi moja ya kuanzia, basi. Baada ya hapo anajibu anachoulizwa. Asichoulizwa hasemi. Akisema zaidi atakuwa anamsaidia muuguzi, na kipimo kitakuwa kimeharibika.

"Nilidhani hilo ndilo jepesi," anasema Rufaida. "Kumbe ndilo la kukutoa roho. Wakaa hapo wangoja uulizwe kuhusu mtoto wako, na mtu haulizi."

Aliyoyaona ndani ya vyumba hivyo yanatia kizunguzungu. Kuna aliyempa dawa ya minyoo akiwa anaongea na simu, bila hata kumtazama usoni. Kuna aliyemuuliza kwanza amebeba pesa ngapi, kisha ugonjwa ukafuata. Mmoja alimfungia bomba la sindano kwenye gazeti akamwambia aende nalo nyumbani, hatakosa jirani wa kumdunga mtoto.

Na kuna lile la mwanamume mwenye koti jeupe, mpole, aliyemsikiliza vizuri na kumwandikia dawa tatu. Alipotoka nje, Rufaida alimsikia mwanamke mmoja akimwita bwana huyo aje afungue geti. Alikuwa bawabu! Muuguzi mwenyewe alikuwa amekwenda mazikoni, na koti lilikuwa limetundikwa msumarini.

Mwandishi alimuuliza mara mbili kama hilo la bawabu si la kunogesha hadithi. Cynthia, aliyekuwa ameketi naye, alitikisa kichwa. "Nilimhoji mimi mwenyewe nusu saa baadaye," alisema. "Na si yeye peke yake aliyemkuta bawabu yule."

Haki lazima isemwe. Walikuwepo pia wauguzi wazuri, waliochoka, wanaohudumia kata nzima wakiwa peke yao, bila maji ya bomba na bila mtu wa kuwapokea hata wakiumwa wao. Kisa chetu ni cha mmoja wa hao. Zahanati yake tutaiita Mikoroshoni, ingawa hilo silo jina lake. Iko bara, mbali nyuma ya barabara ya lami, mahali ambapo pikipiki ikizimika unatembea.

Rufaida alifika Mikoroshoni mchana mmoja wa mwezi wa tatu. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa wamekwisha. Nje hakukuwa na mtu ila Mbeyu, mwanamke anayefagia na kupiga deki hapo. Ndani alimkuta Jefwa, muuguzi pekee wa zahanati, kijana wa miaka thelathini na ushei, anakula mhogo wa kuchemsha. Alipomwona mgeni akausukuma mhogo kando.

"Daktari, mwanangu anaendesha," Rufaida alisema, kama alivyosema mahali pengine pote.

Jefwa alivuta kiti karibu, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Pole, mayo. Ana umri gani?"

Mwaka mmoja na nusu, Rufaida akajibu. Muuguzi akauliza mtoto ameanza lini, akaambiwa siku ya tatu. Akauliza choo kina damu? Anatapika? Ananyonya? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini? Kila jibu alilisikiliza mpaka mwisho, akarudia kulisema kwa sauti ya chini ahakikishe amelishika. Alimuuliza hata jina la mtoto.

"Nilimwambia Muzammil. Akasema, 'Muzammil. Haya.' Yaani kama amjua."

Hapo ndipo Rufaida alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwingine wa kazi hiyo pengine asingelifanya. Anayewaiga watu harusini huongozwa na watazamaji wake. Wakinyamaza anafupisha, wakinogewa anaongeza. Karibu miaka miwili Rufaida alikuwa amewaigizia watu wasiomtazama. Leo alikuwa amempata mtazamaji.

"Nilinogewa," anasema, na kuitazama mikono yake. "Hakuniuliza. Mimi mwenyewe nilimwambia, 'Na akilia, daktari, machozi hayatoki.'"

Maneno hayo hayakuwemo katika maelezo aliyofundishwa. Yalikuwa ya Sahla. Binti yake alipokuwa mchanga aliwahi kuharisha hivyo, akilia kwa macho makavu, na Rufaida anasema siku ile hajaisahau wala haitaki irudi. Bila kukusudia alikuwa amefanya kile alichomwahidi mama yake hatakifanya.

Jefwa alisimama. Mtoto aliyekaukiwa maji mpaka machozi yakakatika hangojwi. "Yuko wapi?" aliuliza. Rufaida akataja kijiji alichoambiwa akitaje, kiasi cha nusu saa kwa pikipiki. "Amebaki na nani? Basi twende. Sasa hivi."

"Nilimwambia, 'Daktari, wewe nipe dawa tu, n'tampelekea.' Akanijibu, 'Dawa ya mtoto huyo si ya kupelekewa.'"

Akatia ndani ya mkoba chupa za maji ya mshipa, sindano ndogo za watoto na pakiti za chumvi na sukari za kukoroga. Mbeyu alikuwa amekwenda kisimani. Dawa ziliwahi kuibwa Mikoroshoni, kwa hiyo Jefwa alifunga milango yote kwa kufuli, akatia funguo mfukoni, akawasha pikipiki yake.

Jamani! Zahanati ya pekee katika eneo zima inafungwa mchana kweupe kwa ajili ya mtoto wa kutungwa, na aliyemtunga amepanda nyuma ya pikipiki, amekishika kiti kwa mikono miwili. Rufaida alijua anachotakiwa kufanya. Mafunzo yanasema ukizidiwa, tafuta kisingizio, jitoe, usijitambulishe. Alikuwa akifikiria aseme amesahau kitu, au ashuke njia panda apotelee vichakani. Anakiri kwamba alilifikiria hilo kwa dhati.

Njiani simu ya Jefwa ililia. Alikuwa Mbeyu, anapiga mayowe. Amerudi kisimani amemkuta mwanamke mjamzito, Dama, ameletwa na shemeji yake. Uchungu umekolea, mtoto anakuja, na milango imefungwa.

Jefwa alisimamisha pikipiki katikati ya njia. Rufaida anasema mpaka leo sura ile humjia hata akiwa anakanda unga. Muuguzi alitazama mbele, kule alikoambiwa kuna mtoto wa macho makavu. Akatazama nyuma, kule kulikokuwa na mwanamke anayejifungua sakafuni.

"Akasema, 'Ee Mulungu, niende kwa nani?' Alikuwa haniambii mimi. Kisha akanigeukia, akanambia, 'Mayo, tumfikie Muzammil kwanza, mimi n'taenda mbio, Mbeyu atamshika yule.' Alikuwa amemchagua Muzammil! Amemchagua mwanangu, nami sina mwana!"

Rufaida alishuka. Akasema, pale pale juani, "Daktari, hakuna mtoto."

Jefwa hakumwelewa. Akadhani anamwambia mtoto ameshakufa, akamwambia pole. Ilimbidi Rufaida aseme tena, kwa maneno mengi zaidi, kwamba hakupata kuwepo mtoto, kwamba yeye ndiye yule mgonjwa wa kujifanya walioambiwa atakuja.

"Nilingoja anipige," anasema. "Ningekuwa mimi ningenipiga. Alinitazama tu. Kisha akageuza pikipiki, akanambia, 'Panda.'"

Walipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa barazani, juu ya saruji, mbele ya mlango wenye kufuli. Mbeyu alikuwa amemfunika kwa leso yake mwenyewe. Mtoto, msichana, alikuwa analia vizuri. Mama yake ndiye aliyetisha. Damu ilikuwa imefika kwenye ngazi.

Jefwa hakuthubutu kumhamisha. Alimtibu pale pale chini. Alimdunga sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akamtafuta mshipa, akamwambia Rufaida ainue chupa juu na asiishushe. Maji yaliyofungashwa kwa ajili ya Muzammil yakaingia mkononi mwa Dama. Rufaida aliinua chupa mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha, akainua tena. Gari la wagonjwa lilipokuja, damu ilikuwa imekatika na Dama alikuwa anauliza mtoto wake ni wa kike au wa kiume.

Mama na mtoto wako hai leo. Hilo ni la kushukuru.

Lakini kabla pikipiki haijarudi, shemeji yake Dama alikuwa ameshapiga picha. Picha hiyo wengi wameiona. Inamwonyesha mwanamke chini, uso umefunikwa, nyuma yake kufuli linang'aa. Ilizunguka kwenye simu kutoka Ngomeni hadi Mtwapa, na watu waliandika maneno makali, nani asingeandika? Mwandishi huyu pia aliiona, na alimlaani muuguzi huyo asiyemjua.

Ipo picha ya pili ambayo haikusambaa. Mbeyu ndiye aliyeipiga baadaye. Ndani yake mwanamke yule yule amelala pale pale, na pembeni umetokeza mkono mmoja wenye hina umeinua chupa. Mwenye mkono hayumo.

"Mkono ule ni wangu," anasema Rufaida.

Jefwa alisimamishwa kazi wiki hiyo hiyo. Alitakiwa ajieleze kwa nini aliacha kituo kimefungwa. Alieleza ukweli wote. Wakubwa wake wakamwambia, haya, tuletee huyo mwanamke. Hakuweza. Jina alilotajiwa chumbani lilikuwa la uongo, na kijiji alichotajiwa hakikuwa na mtu kama huyo.

Rufaida hakujua lolote. Shirika lilimwondoa upande ule wa bara. Miezi miwili baadaye moyo ulimtuma arudi Mikoroshoni kuuliza hali ya mtoto wa Dama, akiwa na buibui lake, akiwa yeye. Alimkuta muuguzi mgeni. Mbeyu alimtambua, akaacha ufagio.

"Nilimwambia ukweli," anasema Mbeyu. "Nilimwambia, wewe umerudi kuuliza mtoto. Na yule uliyemponza, yeye hakuna wa kumuuliza?"

Siku hiyo hiyo Rufaida alikwenda kwa Cynthia akataka kwenda kumshuhudilia Jefwa. Cynthia alimkatalia, na mwandishi alipomuuliza kwa nini, hakukwepa swali.

"Naumia kuliko unavyodhani," alisema. "Lakini tuliwaahidi wauguzi wote siri. Leo tukitaja jina la mmoja, hata kwa wema, kesho hakuna zahanati itakayotufungulia mlango. Na yale ya bawabu na koti jeupe hayatajulikana kamwe. Tuliandika barua isiyotaja majina. Wakasema barua isiyo na majina haiwasaidii."

Inashangaza, na inauma. Ahadi iliyowekwa ili kuwalinda wauguzi ndiyo inayomzamisha muuguzi bora kuliko wote waliowahi kumhudumia Rufaida. Wakati huo huo aliyempa mama bomba la sindano ndani ya gazeti anaendelea na kazi yake, amelindwa na ahadi ile ile.

Wiki iliyopita tulifuatana na Rufaida hadi Junju, nyumbani kwa wazazi wa Jefwa, alikorudi kulima tangu mshahara ukatike. Namba yake tuliipata kwa Mbeyu. Tulimkuta akipalilia mahindi, miguu peku. Akamwona mgeni wake, akaegemea jembe.

"Shikamoo, daktari," alisema Rufaida, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

"Marahaba," alisema Jefwa. "Muzammil hajambo?"

Rufaida alicheka kisha akalia, yote kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya buibui. Mama yake Jefwa alituletea viti na maji ya madafu, na ndipo muuguzi alipotuambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitazamia.

"Mimi nilimshuku," alisema. "Nilimshuku mapema. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, nyeusi tititi, ya harusi. Mtoto anaendesha siku tatu, mama anapata wapi nafasi ya kukaa chini apakwe hina? Nikajiambia, huyu huenda ni mmoja wa wale tulioambiwa."

Rufaida aliinua uso. Ni kweli, usiku wa kuamkia jana yake alikuwa ameitwa harusini kuwafurahisha watu, na wenyeji walimpaka kama ilivyo ada. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama mikono, kwa hiyo hata yeye hakuikumbuka.

"Ulijua?" aliuliza. "Ulijua, na ukafunga mlango?"

"Nilishuku, sikujua," alijibu Jefwa. "Tulipokuwa njiani nilikuwa bado nashuku. Lakini nilipiga hesabu yangu. Nikimwona huyu ni mwongo na kumbe ni mkweli, mtoto amekufa. Nikimwona mkweli na kumbe ni mwongo, nimepoteza mafuta ya pikipiki. Dama hakuwemo katika hesabu hiyo. Alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuwa amebakisha wiki kadhaa kujifungua."

Alipoulizwa kama amemkasirikia Rufaida, alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Nilikasirika sana. Nimepoteza kazi kwa ajili ya mtu wa hewani. Ila angeninyamazia pale njiani, Dama angekufa, na kaburi lake lingekuwa langu. Kwa hiyo sijui. Baadhi ya siku nakasirika, baadhi ya siku nashukuru."

Jefwa atasimama mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi ijayo. Asipopata shahidi, yeye mwenyewe anasema, amekwisha kumwaga unga.

Shahidi amepata. Rufaida ametuomba tuandike jina lake lote, na mahali anapokaa, na tuiweke picha ya uso wake karibu na picha ya ule mkono. Tulimkumbusha maana yake. Makala haya yakisomwa, hakuna kliniki kutoka Kilifi hadi Ngomeni itakayoweza kumpokea tena kama mama mwenye mtoto anayeendesha. Jina la Jefwa limo kwa ridhaa ya Jefwa. Cynthia ameambiwa. Alisema kliniki ya leo asubuhi, ile ya vidonge vya mtu mzima, ndiyo iwe ya mwisho.

Bi Nana hakukasirika, kinyume na alivyotazamia bintiye. "Afadhali," alisema. "Na huyo Muzammil sasa apumzike."

Mahamri yataanza tena barazani, na mbaazi za nazi. Kwa Alhamisi, Rufaida ameshapiga pasi buibui lake jeusi. Hina imeshafutika, amebaki na wekundu kidogo kwenye kucha, na amesema hatapaka nyingine mpaka shauri likatwe.

Tulimuuliza, je, kama kamati haitamuuliza yale yanayohitajika? Kama watamtajia jina lake, watamuuliza alikuwepo au hakuwepo, kisha wamwambie ashuke?

Alikuwa anakunja leso ya kazini, ile yenye vumbi, aitie sandukuni. Akaacha.

"Miaka miwili nimefundishwa nijibu ninachoulizwa tu," alisema. "Mara moja nilisema nisichoulizwa, nikamponza mtu. Alhamisi nitasema tena nisichoulizwa. Wakinishusha, nitasema nikiwa chini."